Siku Sisimizi Walipopanda Kwenye Asidi Yangu

Nasimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusimuliwa. Pale soko la Tengeru kuna mama muuza nyanya anayewaambia wateja wake kwamba niliwawekea wageni asidi kwenye chai, kule Sokon kwa dada yangu majirani wanasema nilikoroga sukari na asidi nikawagawia wanafunzi, na juzi msibani (msibani, jamani, watu wanazika) nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona kwamba huyu ndiye yule wa maabara aliyekula asidi mbele ya wakaguzi akapona kwa maombi. Hakuna aliyekula asidi. Hakuna aliyepewa asidi. Kilichotokea ni cha aibu kuliko hivyo vyote, na ni cha kijinga zaidi, kwa hiyo kaeni niwaambie mara moja tu, halafu mtu asiniulize tena.

Mimi ni Anande, nashughulika na maabara ya kemia kwenye chuo kimoja kidogo, ukitoka Tengeru unapanda kuelekea mlimani kwenye migomba na kahawa (jina la chuo nalihifadhi, wao hawana kosa). Nasema nashughulika kwa sababu siwezi kusema nimeajiriwa. Nilikuwa najitolea. Mwaka wa kwanza unajitolea kwa moyo, wa pili unajitolea kwa matumaini, ukifika wa sita unajitolea kwa sababu hujui asubuhi ukiamka uende wapi kwingine. Mama yangu yuko Nduruma, na kila Jumapili baada ya ibada lazima apige simu, salamu, habari za watoto, halafu sauti inashuka kidogo: "Anande mwanangu, wamekuandika?" Namjibu bado mama, karibuni. Hiyo karibuni nimeisema mpaka nikaanza kuiogopa, maana na umri nao ulikuwa unasogea kule ambako wakiona mwaka wako wa kuzaliwa kwenye barua ya maombi hawakuiti hata kwenye usaili.

Sasa mwaka huo chuo kikaomba kibali cha kuanzisha stashahada ya mambo ya maabara. Wakaguzi walikuwa waje kutukagua, na sharti mojawapo lilikuwa kozi ikianza chuo kiwe na mtaalamu wa maabara aliyeajiriwa, siyo wa kujitolea. Mkuu wa chuo akaniita ofisini, akavuta droo, akanionyesha barua yenye jina langu kamili, imeshapigwa chapa, bado tarehe na sahihi. "Madam Anande," akasema, "kozi ikipita hawa wageni wakitoka tu getini, mimi natia sahihi." Niliisoma ile barua mara mbili nikiwa nimesimama. Kwa hiyo muelewe nilivyoingia kwenye hii habari: sikuwa nataka sifa, nilikuwa nataka ile karatasi itoke kwenye ile droo.

Mkuu alitaka kitu cha kuwaonyesha wageni. Mimi kwa mdomo wangu mwenyewe (hapa ndipo naanzaga kujikasirikia) nikasema tuwaonyeshe asidi ya salfoniki tuliyoitengeneza hapa hapa.

Msitishike na jina. Kila mama wa kikundi hapa Arusha anaijua salfoniki, ni ile nzito ya kahawia inayouzwa kwenye madumu, unaikoroga na magadi na chumvi na rangi unapata sabuni ya maji. Hiyo ya dumu inatoka kiwandani. Mimi nilikuwa nazungumzia ndugu yake, ile inayotengenezwa kwa toluini (kimiminika kinachonuka kama rangi ya mafuta), ambayo ukiisafisha vizuri haibaki uji wa kahawia, inakuwa fuwele nyeupe, nyembamba, zinang'aa. Wanafunzi wanaitumia punje chache kuharakisha majaribio yao, na tulikuwa tunaiagiza Dar inachelewa mpaka muhula unaisha. Nikamwambia Mkuu, hii tukiitengeneza wenyewe wataona maabara ipo hai. Mkuu akapenda sana. Akaanza kuiita "asidi yetu" hata kabla sijawasha jiko.

Niliihangaikia wiki nzima. Unachemsha toluini na asidi ya salfuriki kali kwenye chupa ya mviringo, juu umeweka kipozeo ili mvuke urudi, na pembeni kuna mkono wa kioo wa kunasa maji, kwa sababu maji yakibaki mle ndani kazi haiendi mbele. Sasa wewe chemsha saa tano mfululizo na umeme wa kwetu. Ulikatika Jumatatu, ukakatika Jumanne mara mbili, nikawa nakaa pale na kitabu cha kumbukumbu naandika kila kitu, umekatika saa fulani, umerudi saa fulani, maji yaliyonaswa yamefika hapa. Mzigo wa kwanza ukatoka wa kahawia. Nikaanza kusafisha: unayeyusha kwenye maji ya moto kidogo sana, unaongeza asidi ya haidrokloriki, unapoza kwenye barafu (barafu niliomba kwa Mama Naserian, mpishi wetu wa kantini, akanipa ya kwenye friji ya soda huku ananisonya), na fuwele zinaanza kujijenga taratibu chini ya chombo. Unachuja kwa kichujio cha kioo, siyo cha karatasi, kwa sababu asidi hii karatasi inaitafuna. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu nikachukua punje kidogo nikayeyusha, nikadondoshea bariamu kloraidi, ambayo ingeonyesha wingu jeupe kama asidi ya salfuriki bado imejificha mle ndani, na wingu halikuja. Maji yalibaki maangavu kabisa. Nilikuwa peke yangu maabara, na niwaambie ukweli, nilicheza kidogo.

Ila fuwele hizi zina tabia moja, na tabia hiyo niliijua vizuri, asije mtu akasema sikujua. Zina kiu. Ukiziacha wazi zinavuta maji ya hewani mpaka zinalowa na kuyeyuka zenyewe. Zinatakiwa zikae kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ndani ya chombo kikavu, basi. Na siku yenyewe ilikuwa mwisho wa masika, na ninyi mnajua Arusha mwisho wa masika, ukungu unashuka kutoka Meru asubuhi unakaa kwenye migomba mpaka saa sita, nguo ukianika jana leo zina maji zaidi ya jana.

Wageni walitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa mbili na nusu Mkuu akapita kukagua, suti ya bluu, viatu vinang'aa, akaiona chupa yangu ndogo iliyofungwa imewekwa juu ya meza chini ya tenti nje (alikuwa ameagiza meza ya maonyesho itolewe nje ili wageni wasibanane ndani). Akainyanyua, akaitikisa.

"Madam, sasa hii nani ataiona? Iko kwenye chupa kama dawa ya kikohozi. Weka kwenye kisahani ipendeze."

"Mkuu, ikikaa wazi italowa."

"Kwa dakika ngapi? Wageni wako njiani, wameshapita Kisongo."

Wameshapita Kisongo. Mtu akikuambia hivyo ujue bado anavaa soksi. Lakini nilikuwa nimeshachoka, nilikuwa nimelala saa chache wiki nzima, na ile droo ilikuwa yake siyo yangu, kwa hiyo nikasema sawa Mkuu. Nikaleta kisahani cha kioo, nikamimina nusu. Kikaonekana kitupu. Nikamimina zote. Hilo ndilo kosa lenyewe, ndugu zangu: ningebakiza kijiko kimoja tu kwenye chupa leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Zikapendeza kweli. Mkuu akafunga utepe mwekundu pembeni, akaandika kwa mkono wake kikaratasi: ASIDI YA SALFONIKI, IMETENGENEZWA HAPA CHUONI, HATARI USIGUSE.

Saa tatu hawakuja. Saa nne hawakuja. Watumishi tukanywa chai duru ya kwanza, tukanywa ya pili, sukari ya kawaida ya kantini ikaishia hapo. Saa sita kasorobo magari mawili yakaingia. Nikapiga hesabu kwamba sasa watakuja moja kwa moja kwenye meza, lakini nilikuwa nimesahau niko nchi gani. Kwanza sala. Kisha kwaya ya wanafunzi, nyimbo mbili, ya pili ina pambio. Kisha utambulisho, na utambulisho wetu sisi mnaujua, mshereheshaji anasema itifaki imezingatiwa halafu anaanza kumsimamisha mmoja mmoja, mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti mstaafu wa mtaa, mwakilishi wa wazazi, mchungaji, mke wa mchungaji, kila mmoja anapunga mkono na kusema neno moja ambalo lina maneno arobaini. Mimi nimesimama nyuma ya meza na koti langu jeupe, namtazama mwenyekiti mstaafu akieleza chuo kilivyoanza, na kwa jicho la pembeni natazama kisahani.

Kwanza zilipoteza kung'aa. Kisha zikaanza kushikana. Mwakilishi wa wazazi alipokuwa anakaa, pembeni ya kisahani kulikuwa na maji. Mchungaji alipomaliza, kisahani chote kilikuwa uji mwepesi usio na rangi, na kikaratasi cha Mkuu kinasema hatari usiguse mbele ya kitu ambacho kinafanana na mtu aliyemwaga maji ya kunywa.

Hapa sasa nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kama ilivyo, na wageni wakifika niseme imeyeyuka. Ya pili ni hii niliyoichukua. Nikijiuliza leo kwa nini, jibu ni kwamba niliona ile barua ikirudi ndani kabisa ya droo, nikamsikia mama yangu anauliza wamekuandika. Nikachukua kisahani kama mtu anayekwenda kukifuta vumbi, nikaingia maabara, nikaumwaga ule uji kwenye ndoo ya magadi, ukachemka povu ukatulia (hata kwenye udanganyifu nilifuata kanuni za usalama, mnione nilivyo mtu wa maajabu), nikaosha kisahani, nikakikausha, nikatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kantini.

"Mama Naserian, shikamoo, naomba sukari nyeupe."

"Marahaba. Ya nini? Hiyo ni ya wageni, ndiyo hii tu iliyobaki."

"Ya maonyesho. Narudisha sasa hivi."

Mama Naserian ni Mwarusha, mtu mzima, hajawahi kunikatalia kitu na hajawahi kunipa kitu bila kunung'unika. Akanipa pakiti yote. "Dakika tano," akasema, "chai yao iko jikoni." Sukari yetu ya kawaida ina rangi ya udongo, ingenisaliti pale pale, lakini hii nyeupe ukiitandaza kwenye kioo na kuitazama kwa mbali ni fuwele kabisa. Nikatandaza. Nikarudisha kisahani mezani chini ya utepe. Pakiti iliyobaki nikaitia kwenye mfuko wa koti. Hakuna aliyeniona, Mkuu alikuwa kwenye hotuba yake, ndiyo kwanza amefika kwenye historia ya sayansi duniani.

Halafu jua likatoka. Ukungu ukapanda, nyasi zikapata joto, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikasema moyoni Mungu ni mwema. Sikujua chini ya nyasi kuna wengine nao walikuwa wanasema hivyo hivyo.

Kiongozi wa wakaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo ya juu, nywele fupi nyeupe, miwani kwenye kamba, wenzake wote walimwita Mama Dokta. Alikuwa amefundisha kemia maisha yake yote. Akafika kwenye meza pamoja na wenzake wawili, nyuma yao Mkuu, nyuma ya Mkuu wanafunzi wote, maana mshereheshaji alikuwa amewaruhusu wasogee waone.

"Shikamoo, Mama Dokta," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Haya, tuonyeshe kazi yako."

Nikaeleza. Na nilieleza vizuri, kwa sababu kazi nilikuwa nimeifanya kweli. Toluini, kipozeo, kunasa maji, kusafisha mara tatu, bariamu. Mama Dokta alikuwa anaitikia kwa kichwa kidogo kidogo, kama mwalimu anayesikia jibu sahihi. Mkuu akashindwa kuvumilia akaingilia, "Na hii ni kali sana, wageni wetu. Hii ikikugusa ngozi inaondoka. Madam hapa anaishika kwa glavu tu."

Mama Dokta akavaa miwani yake, akainama.

"Na hawa sisimizi," akasema, "nao wana glavu?"

Nikatazama. Mstari mmoja mwembamba ulikuwa umepanda mguu wa meza, umepita juu ya kitambaa cheupe, umepita juu ya neno HATARI, umeingia kwenye kisahani. Wengine walikuwa wameshaanza kurudi, kila mmoja na punje yake.

Ningekuwa na akili ningesema pale pale. Badala yake nikafungua mdomo nikasema, "Mama, hawa wa huku kwetu wanavutiwa na rangi nyeupe." Sijui maneno haya yalitoka wapi. Nimesoma kemia, jamani.

Mkuu, maskini ya Mungu, yeye alikuwa hajui lolote, akaja kuniokoa. "Ngojeni tu," akawaambia wageni kwa majivuno, "wanakufa sasa hivi hao."

Basi tukangoja. Watu kama mia na kitu, wageni, mchungaji, mwenyekiti mstaafu wa mtaa, wote wameinamia kisahani wanangoja sisimizi wafe. Hawakufa. Mmoja alipanda juu kabisa ya kilima cha sukari akasimama pale akiwa na afya njema. Mstari ukazidi unene. Mwanafunzi mmoja nyuma akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa daftari. Mkuu akatoa leso akajifuta shingo, akasema polepole, "Inachukua muda kidogo."

Na hapo ndipo Mama Naserian akatokea upande wa kantini, aproni kiunoni, birika mkononi, akapasua katikati ya watu kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe:

"Madam Anande! Ile sukari yangu uliyosema dakika tano iko wapi? Wageni watakunywa chai bila sukari?"

Kisha akaona kisahani. Akasogea, akatazama sisimizi, akanitazama mimi, akashusha birika.

"Yesu wangu," akasema. "Umewamwagia wadudu?"

Kicheko kilichopasuka pale sitakielezea. Wanafunzi walikaa chini. Mwakilishi wa wazazi aliegemea nguzo ya tenti mpaka tenti ikayumba. Mkuu hakucheka, alikuwa ananitazama tu, na sura yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayetaka uniambie sivyo. Mkono wangu ulikuwa mfukoni umeishika ile pakiti. Nikaitoa, nikaiweka mezani. "Ni sukari," nikasema. "Nisameheni. Ni sukari." Mama Naserian akaichukua pakiti yake, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na yeye kazi yake ilikuwa bado haijaharibika.

Mama Dokta peke yake hakucheka wala hakukunja uso. Akasema wengine waende kunywa chai, akanishika kiwiko, tukaingia maabara wawili tu. Nikamvutia kiti, akakataa, akasimama.

"Asidi yenyewe iko wapi?"

"Iliyeyuka, Mama."

"Iliyeyukaje?"

"Nilikuwa nimeitandaza kwenye kisahani tangu asubuhi. Ikavuta maji. Ikawa uji."

Akavua miwani yake. Huko nje kwaya ilikuwa imeanza tena.

"Mwanangu," akasema, "mimi asidi hii nimewatengenezea wanafunzi kabla wewe hujazaliwa. Ungeniacha nikaukuta huo uji kwenye kisahani, katika ukungu huu, ningejua ni yenyewe kabla hujafungua mdomo. Ingekuwa kavu ndiyo ningetia shaka. Uko wapi huo uji?"

"Niliumwaga kwenye magadi."

"Wote?"

"Wote, Mama."

Akavuta pumzi. Akaona kitabu changu cha kumbukumbu kwenye benchi, akakifungua, akasoma, na alisoma kweli, ukurasa kwa ukurasa, umeme umekatika, umeme umerudi, mzigo wa kahawia, kusafisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bariamu, hakuna wingu. Wiki yangu nzima ilikuwa mle. Nikaanza kupata tumaini, nikasogea nimwonyeshe mahali nilipopima. Akakifunga taratibu, akakirudisha pale pale alipokikuta.

"Kitabu kizuri," akasema. "Mwandiko mzuri. Tatizo ni kwamba sasa sijui kama na chenyewe siyo sukari."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huzuni, na ndiyo maana mpaka leo neno lile sijalisahau. Kwa sababu kazi ilikuwa ya kweli. Kila mstari wa kile kitabu ulikuwa wa kweli, na mimi mwenyewe kwa mkono wangu ndiye niliyeugeuza uongo, kwa pakiti moja ya kuomba. Nikasema ndiyo Mama. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, akaenda kunywa chai yake, nasikia alikunywa bila sukari.

Kozi haikukataliwa, iliahirishwa. Waliandika kwamba maabara iimarishwe na nafasi ya mtaalamu itangazwe upya ili watu washindane. Ikatangazwa. Nikaomba na mimi, nikaitwa na mimi, na kwenye usaili mmoja wa waliokaa mezani akaniuliza huku anajizuia kucheka kama mimi ndiye yule. Nikajibu ndiye mimi. Nafasi ilimwendea kaka mmoja kutoka Moshi, mtu mzima mwenzangu, mpole, na mimi ndiye niliyemwonyesha funguo na kumwambia bomba lipi linavuja. Jumapili ile mama alipopiga simu akauliza swali lake nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Akasema tu, "Pole mwanangu," na tangu hapo hajaniuliza tena, na ninyi mnaweza kufikiri hilo ni nafuu lakini siyo.

Bado nipo pale. Bado najitolea, msinicheke, nikiamka asubuhi miguu inaijua njia. Ila nimejiwekea nadhiri na sijaivunja: kitu kikiniharibikia mikononi nakiacha hapo hapo kilipo, na atakayekuja akikute.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunatengeneza asidi hiyo hiyo na huyu kaka mpya, moto ukazidi wakati tumetoka kuongea na mgeni aliyeleta vifaa, tunarudi chupa nzima imekuwa nyeusi, imeungua, toluini yote ya muhula imekwenda. Akashika kichwa. Mkuu alikuwa anapita mabwenini, anakuja upande wetu. "Madam, tufanyeje?" akaniuliza yule kaka, na tayari mkono wake ulikuwa kwenye chupa anataka kuificha chini ya benchi. Nikamwambia iache. Nikatoka mlangoni nikamwita Mkuu mwenyewe.

Akaja, akainama, akatazama ule weusi, akauliza imekuwaje. Tukamwambia tuliuacha moto peke yake. Akatikisa kichwa, akasema kesho andikeni maombi ya toluini nyingine, akaendelea na safari yake. Haikufika hata dakika mbili. Yule kaka akacheka kwa nafuu, akaanza kuosha vyombo, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia sana.